Sura ya Tano: Pesa Inayopanda

Kiongozi wa polisi hujulikana jioni. Asubuhi kuna paredi: mistari imenyooka, bendera inapanda, na kila mkubwa anafanana na mwenzake. Jioni wale ambao mji mzima wa Lubumbashi huwaita rulaji, yaani polisi wa barabarani (jina la Kifaransa, ingawa sikio la Kiswahili linasikia "ulaji" ndani yake), wanarudi kutoka njia panda zao. Je, mkubwa anawangoja wamletee nini?

Polisi wa Kongo wenyewe huliita jambo hili raportaji. Aliye barabarani humpa mkuu wake sehemu ya alichokusanya, na mkuu naye hupeleka juu. Asiyeleta huondolewa penye magari, akapangwa kulinda mahali pasipopita mtu. Utafiti juu ya polisi wa barabarani wa Kinshasa, uliotoka 2024 katika jarida la American Economic Review, ulikuta mapato ya idara ile ni mara tano ya yale yanayotokana na faini, na chanzo chake ni mapatano ya polisi wa chini, wakubwa wao na maafisa wa upelelezi ili kuwakamua madereva. Kinshasa si Lubumbashi. Hata hivyo, dereva wa basi dogo la mtaa wetu wa Katuba akisomewa habari hiyo hatashangaa. Atauliza tu kama watafiti walihitaji miaka mingi kuyajua hayo.

Ndiyo maana siamini sana semina za maadili. Zinamfundisha polisi wa chini asiombe, huku aliye juu yake anangoja. Mkuu anayetaka mabadiliko hana budi kuanza na mkono wake mwenyewe, na kukataa peke yake hakutoshi. Polisi ana watoto, kodi ya nyumba na mshahara mdogo. Ukifunga mfereji wa pesa inayopanda, lazima ufungue ule wa kushuka. Mwaka 2011 serikali ilianza kupitisha mishahara ya watumishi wake benki, kwa sababu pesa taslimu ilikuwa ikinyofolewa kila ilipopita. Komiseri wa Lubumbashi hapangi mshahara, ila mafuta ya gari, karatasi za ripoti na zamu za haki viko karibu na meza yake. Mwenye kuibiwa katika mtaa wa Ruashi akiambiwa alete pesa ya usafiri ili polisi waende kuangalia, mafuta yamekwenda wapi? Mkuu na aulize hilo kila wiki, kwa daftari.

Shida nyingine ni mabwana wengi. Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 ndiyo inayopanga polisi wa taifa, na Katiba ya 2006 inawaweka chini ya viongozi wa kiraia wa mahali, huku wizara ya mambo ya ndani ikiwabeba. Afisa wa upelelezi, OPJ, anaendesha kesi chini ya parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Polisi akikosa, hakimu wake ni wa kijeshi. Basi gavana anapiga simu, meya anapiga simu, mwendesha mashtaka naye anapiga simu. Mkuu dhaifu humtii aliyepiga mwisho. Aliye imara husoma kifungu cha 183, kisemacho kwamba polisi ni wa taifa na hakuna mtu wa kuwageuza chombo chake, na cha 28, kinachompa kila mtu haki ya kukataa agizo lililo wazi kuwa ni kinyume cha sheria. Haya si maneno ya vitabuni tu; polisi hujibu mwenyewe kwa alichotenda. Mtetezi wa haki Floribert Chebeya aliuawa Juni 2010 baada ya kuitwa kwenye makao makuu ya polisi Kinshasa. Christian Ngoy Kenga Kenga, afisa wa polisi, alikamatwa hapa Lubumbashi mwaka 2020, na Mei 2022 mahakama kuu ya kijeshi ikamhukumu kifo kwa mauaji hayo.

Kazi inayobadilisha kituo upesi kuliko zote haina gharama: kwenda usiku bila kutangaza kwenye kasho, yaani chumba cha mahabusu. Katiba inaruhusu polisi kumshikilia mtu saa 48, basi. Mkuu na afungue daftari, asome saa ya kila mtu aliyeingia, ahesabu vichwa mwenyewe, kisha alinganishe. Kichwa kilichozidi daftari kina bei, na mtu fulani anangoja ndugu zake waje kuilipa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa msaada wa Uingereza, Bukavu, Matadi na Kananga zilijaribu polisi wa ujirani, pamoja na mabaraza ambamo raia na makamanda waliketi kujadili usalama wa mtaa. Lubumbashi haikuwamo. Lakini kukaa saa moja na wafanyabiashara wa soko la mtaa wetu wa Kenya hakuhitaji mfadhili.

Komiseri mpya akija, usihangaike na hotuba yake ya kwanza. Ngoja mwezi mmoja, kisha muulize dereva wako wa kila siku amesimamishwa mara ngapi wiki hii.