Gari inapochemka njiani kwenda Bisie: tuanze na vantilatere, tusianze na kufungua motere

Wakulima wa Walikale wanajua soko la Bisie tangu miaka ya 2002, wakati kasiterite ilipoanza kuvuta watu ndani ya msitu. Wakati ule chakula kilibebwa mgongoni kutoka Njingala: unga wa muhogo, mchele, mafuta ya mawese, chumvi. Leo kampuni inachimba huko na mashine kubwa, na tangu 2019 madini inatoka kwa kamioni. Gari inafika, na mzigo wa koperative pia unafika kwa gari. Lakini gari ikizimika katikati ya msitu, ndizi haingojei mekanisye. Inaiva, inaoza, na faida ya wanachama inakwisha palepale.

Katika safari zetu za kutembelea koperative, shida moja inarudi kila mara: «Gari inachemka.» Ndiyo maana toleo hili tumeacha kidogo mbegu na mbolea, tuongee juu ya radiatere na vantilatere.

Yaliyotupata njiani

Tulipanda kamioneti ya koperative moja, imejaa muhogo na bidoni za mawese. Kwenye tambarare, mshale wa joto ulikaa katikati, hakuna neno. Tulipoingia kwenye matope, vitesi ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, mshale ukaanza kupanda. Shofere akasimama, akangoja, akaongeza maji, tukaendelea. Kilima kilichofuata, hivyohivyo. Safari ya asubuhi ikawa ya siku nzima.

Shofere alituambia kwamba mambo hayo yana wezi mitatu. Mekanisye wa kwanza aliuza radiatere. Wa pili aliondoa termosta. Komite nayo ikaanza kusema shofere anapakia mizigo yake ya siri, na ilitaka kumkata mshahara kulipia matengenezo. Mzee yule alikuwa na uchungu. Alisema: «Mimi nilisema gari inaumwa, wao wakasema mimi ndiye mwenye kuumwa.»

Kosa lilionekana tulipofungua boneti mchana. Plastiki inayozunguka vantilatere haikuwepo. Ilivunjika zamani, ikapiga kelele, mtu akaitoa na kuitupa. Bila plastiki ile, vantilatere inavuta hewa ya pembeni, haivuti ile inayopita ndani ya radiatere. Tena mkanda wake ulikuwa umelegea, na uso wa radiatere umezibwa na matope makavu na majani. Vitu vitatu vidogo, hakuna hata kimoja kilichohitaji radiatere mpya.

Kwanza uliza: inachemka wakati gani?

Swali hili linaokoa franga nyingi. Gari ikikimbia, upepo wa mbele unapoza radiatere wenyewe. Ikienda polepole au ikisimama, hakuna upepo, kazi yote iko juu ya vantilatere. Basi:

• Ikichemka kwenye matope, kwenye kupanda, au ikisimama na motere inawaka, lakini ikipoa kwenye tambarare: anza na vantilatere.
• Ikichemka hata kwa mwendo mzuri kwenye tambarare: tafuta maji iliyopungua, radiatere iliyoziba ndani, termosta au pompi ya maji.

Milima nayo ina neno lake. Mama anayepika maharagi kule juu Masisi anajua inachelewa kuiva kuliko Walikale chini. Ni kwa sababu maji inachemka mapema: kwenye mita 2,000 inachemka karibu digri 93, si 100. Kifuniko cha radiatere ndicho kinashika nguvu ndani, kama sufuria iliyofungwa sana, ili maji isichemke hata ikipita digri 100. Kifuniko kikichoka mpira wake, au ukiweka kitambaa mahali pake, gari itachemka hata kama vitu vingine vyote ni vizima.

Chunguza kwa utaratibu huu

1. Simama mapema, usingoje moshi. Usifungue kifuniko kikiwa cha moto. Maji inaruka na kuchoma uso na macho. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka mpira mkubwa wa juu uguswe bila kuunguza. Weka kitambaa kinene, zungusha kidogo tu, acha mvuke utoke, halafu ufungue.

2. Tazama maji. Ikiwa imepungua, tafuta inapotokea: mipira, pompi, chini ya radiatere. Usimwage maji baridi ndani ya motere ya moto. Chuma kinaweza kupasuka. Motere ikipoa, ongeza polepole.

3. Osha uso wa radiatere. Mwaga maji taratibu kutoka upande wa motere kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotoka. Usichokonoe na chuma, mapezi yake inalala kirahisi.

4. Vantilatere ya mkanda. Zima motere kwanza. Bonyeza mkanda katikati na kidole gumba: ukishuka karibu sentimita moja ni vizuri, ukishuka sana umelegea. Ukiwa na nyufa au mafuta, badilisha. Magari mengi ya mazutu yana ambreyaji ndogo katikati ya vantilatere. Motere ikiwa ya moto na imezimwa, zungusha panga kwa mkono: lazima usikie uzito. Zikizunguka bure mara nyingi, au zikitikisika mbele na nyuma, ambreyaji imekufa.

5. Vantilatere ya umeme. Weka mikono mbali, inaweza kuwaka yenyewe hata motere imezimwa. Tazama fizibu kwanza, halafu rele. Mara nyingi rele ya honi inafanana nayo: ukiona ni aina moja, zibadilishane ujaribu. Isipowaka bado, chomoa waya zake, uiunganishe moja kwa moja na batri. Ikizunguka, yenyewe ni nzima, ugonjwa uko kwenye rele, waya au kifaa kinachopima joto. Kwa shida ya njiani unaweza kufika nayo hivyo, kwa waya mnene wenye fizibu, lakini ukifika chomoa, la sivyo kesho batri imekufa.

6. Termosta. Mpira wa juu ukiwa wa moto sana na wa chini baridi, termosta inaweza kuwa imeganda. Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji, uichemshe. Nzima inafunguka wazi mbele ya maji kuchemka. Ikikataa, nunua nyingine. Kuiondoa kabisa si dawa: motere inakaa baridi, inakula mazutu, na ugonjwa wa kweli unajificha.

7. Ukiona maji inatoa povu mfululizo ndani ya radiatere, moshi mweupe nyuma hauishi, au mafuta ya motere imegeuka rangi ya chai ya maziwa, simamisha safari. Ni alama za join ya kilasi. Ukilazimisha kufika, utalipa motere nzima.

Kila asubuhi, dakika kumi

Beba bidoni ya maji safi ya lita 20. Walikale mvua haikosi: kinga maji ya mvua, uache ya mtoni yenye matope, ndiyo inayoziba radiatere. Ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ni bora zaidi, inazuia kutu. Beba pia mkanda mmoja wa akiba, fizibu, waya na funguo zake.

Zaidi ya yote, weka daftari ndani ya gari. Shofere aandike kila siku: maji niliyoongeza, mahali gari ilipochemka, uzito wa mzigo. Koperative ile tuliyosafiri nayo imeanza hivyo. Fundi wa bati wa kijijini aliwatengenezea boma jipya kuzunguka vantilatere, mkanda ukakazwa, termosta ikarudishwa. Tulirudi nao njia ileile, matope yaleyale, na mshale ukakaa katikati.

Jioni ile komite ilikaa na shofere chini ya mti. Mama mtunza sanduku ndiye aliyesema wa kwanza: «Baba, utusamehe. Pesa tuliyotaka kukukata, tununue nayo mkanda wa akiba.» Wakaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kwamba shofere akisema gari inaumwa, komite inaitazama gari kwanza, mbele ya kumtazama shofere.