MAPENZI YA GARI YAMEKWENDA WAPI?

Lugoba ipo kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera. Malori ya kokoto na mabasi ya Tanga na Arusha hupita hapo usiku na mchana. Zamani kijana wa hapo alilitambua gari kwa mlio wake kabla hajaliona. Leo ameinamia simu, na gari lapita asilitazame.

Wazee wetu hawajasahau mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, aliposhinda mbio za Safari za Afrika Mashariki kwa Peugeot 404. Siku hizo kila mtoto alitaka kuwa dereva au fundi.

Hatuilaumu simu. Hupeleka fedha, huita bodaboda, na hutuepusha na safari nyingi zisizo za lazima. Linalotusikitisha ni kwamba mapenzi yakiondoka, na ujuzi huyafuata. Gari la siku hizi lina kompyuta ndani yake. Fundi mwenye spana peke yake hawezi kuujua ugonjwa wake. Kijana aizoeaye simu angejifunza upesi kuisoma kompyuta hiyo, lakini haji gereji.

Kwa hiyo twasema: wenye gereji wawapokee vijana, na vijana wasione haya kushika grisi. Mzee afundishe mkono, kijana afundishe kompyuta. Wasioweza kutengeneza chombo chao hukipanda kwa hisani ya wengine.