Maswali Ambayo Mshtakiwa Hakuuliza

Katika hukumu za Mahakama ya Rufani ya Tanzania kuna jambo linalojirudia hadi linakunyima usingizi. Shahidi wa Jamhuri anamaliza kutoa ushahidi. Hakimu anamgeukia mshtakiwa, ambaye hana wakili, na kumuuliza kama ana maswali. Hana. Inaandikwa hivyo, shahidi anashuka, anaitwa mwingine. Miaka baadaye mtu yuleyule, sasa mfungwa, anakata rufaa akilalamika kwamba shahidi alidanganya. Majaji wanamjibu: kwa nini hukumuuliza siku ile?

Jibu hilo lina kanuni nyuma yake, na mara nyingi hutajwa shauri la Cyprian Athanas Kibogoyo dhidi ya Jamhuri, rufaa ya mwaka 1992. Asiyemdodosa shahidi juu ya jambo zito, kwa kawaida huhesabiwa kuwa amekubali kwamba lililosemwa ni kweli.

Nilimuuliza wakili mmoja wa kujitegemea, mama aliyezoea kesi za jinai, imekuwaje mtu anayepigania uhai wake akose swali hata moja. Hakushangaa.

“Mtu wa kawaida ukimwambia aulize, anajitetea,” alisema. “Anasema, ‘Mheshimiwa, huyu mwongo, mimi sikuwepo.’ Anaambiwa hilo si swali, asubiri zamu yake. Anajaribu tena, anakatizwa tena. Shahidi wa tatu akipanda, yeye ameshanyamaza. Anaona ndiyo adabu mbele ya mahakama.”

Akanionyesha yeye angefanya nini. Tuseme ni unyang’anyi wa kutumia silaha, usiku, na shahidi anasema alimtambua mshtakiwa kwa mwanga wa taa. Akaanza kudodosa kana kwamba shahidi yuko mbele yetu. Taa ya aina gani? Ilikuwa ndani au barazani? Mwanga wake ulifika wapi? Kati yako na yeye palikuwa na hatua ngapi? Ulimtazama kwa muda gani kabla hujalala chini? Ulikuwa unamfahamu? Kama ulimfahamu, ulimtaja kwa nani wa kwanza, na saa ngapi?

Maswali hayo hakuyatunga. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani imetaka utambuzi wa usiku upimwe kwa mambo ya namna hiyo: mwanga, umbali, muda wa kutazama, na kama watu walifahamiana kabla. “Simdhalilishi shahidi,” alisema. “Shahidi anaweza kuwa mkweli kabisa na bado amemkosea mtu. Asipoulizwa, hata yeye mwenyewe hatajua.”

Mtego mwingine ni wa aliyekuwa mahali pengine wakati wa tukio. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inamtaka atoe taarifa ya utetezi huo mapema. Akisubiri mpaka zamu yake ya kujitetea, mahakama inaweza kuamua kutoupa uzito wowote. Nani amemwambia hayo akiwa mahabusu?

Na hapa ndipo pananiuma. Anayeshtakiwa kwa mauaji Mahakama Kuu hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Wa unyang’anyi wa kutumia silaha husimama mahakama ya wilaya, mara nyingi peke yake. Kosa lake halina dhamana, kwa hiyo hawezi kutoka kutafuta mashahidi. Akitiwa hatiani, kifungo hakipungui miaka 30.

Wenye uwezo nao huchelewa. Ndugu huona kesi ni ya uongo, itajifia yenyewe, basi fedha ya wakili ya nini? Wanamfikia mama huyu wakiwa na nakala ya hukumu mkononi. “Rufaa inasoma yaliyoandikwa,” alisema. “Mimi siwezi kumrudisha shahidi nikamuuliza habari za taa. Wangekuja kabla shahidi wa kwanza hajapanda, ningekuwa na kazi ya kufanya.”

Kwa asiye na uwezo ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inayomruhusu hakimu kuagiza mshtakiwa apatiwe msaada huo pale haki inapouhitaji. Ushauri wa mama huyu ni kuomba siku ya kwanza kizimbani, na kuomba kwa sauti ili iandikwe. Nilipomuuliza mama huyu, hakimu afanye nini pale ambapo hakuna wakili wa kupewa, alisema hajui. Nikamuuliza pia kama ukimya wa mtu asiyejua kuuliza unaweza kuitwa kukubali. “Mimi nisingeuita hivyo,” alisema. “Lakini mteja wangu nisingemwacha anyamaze ili tuone mahakama itauitaje.”