Nyota ya mukia: tuipige foto pasipo woga

Mu mwezi wa kumi 2024 nyota ya mukia ilionekana mangaribi, upande wa jua kushuka. Wenye elimu wanaiita Tsuchinshan-ATLAS, sababu mu 2023 ilionwa na wachunguzi wa nyota wa China, kisha na mitambo ya ATLAS ku Afrika ya Kusini. Tarehe 12 ilipita karibu na dunia. Karibu ni kusema kilometre milioni 71 hivi! Mwenye kuwaambia wamama kama nyota ya namna ile inaleta vita, na kuomba makuta ili awaombee, mumuonyeshe hesabu hiyo. Yeremia 10:2 inakataza watu wa Mungu kutishwa na alama za mbingu.

Kitu chenyewe ni bonge la barafu na vumbi. Ikikaribia jua, barafu inageuka mvuke, vumbi inatoka, na jua inasukuma yote nyuma. Kwa hiyo mukia unaelekea kila mara mbali na jua. Mangaribi unasimama kama moshi siku pasipo upepo.

Kwa foto, apareyi ya bei kali haiombwe. Telefone inatosha (mu batri yake muko kobalti, labda ya kwetu Kolwezi). Zima flashi, haifiki mbali. Weka mode ya usiku, ao segonde 5 mpaka 10 na ISO 800. Usiishike ku mukono hata kidogo: isimamishe juu ya tofali, itegemeze na jiwe, na uweke saa ya kungojea segonde 3, sababu hata kidole kinaitikisa. Mwenye apareyi ya zamani atie filme ya ISO 400. Na objektifu ya 50 mm, segonde 10 tu. Ukipitisha, nyota zinavuta mistari, maana dunia inazunguka.

Saa ni nusu saa hivi kisha jua kuzama. Mbele yake mbingu ingali nyeupe. Ukikawia sana, nyota imekwisha kushuka. Mwezi mukubwa nao unaifunika, kama ile wa tarehe 17.

Kwetu taa za mine na vumbi la kariere vinaharibu mbingu. Tafuta uwanja wenye giza, lakini, wababa, musiache watoto wapande vilima vya udongo wa mine usiku wala kukaribia mashimo. Foto haina bei ya mutoto.

Rudieni mahali pamoja, saa ile ile, siku tatu. Pangeni foto: watoto wataona wenyewe namna nyota inasogea kati ya nyota zingine, na kufifia. Nyuma ya kila foto muandike tarehe na saa. Ile ya Halley, iliyoonekana mu 1986, itarudi mu 2061. Mwenye kuipiga pengine angali ku masomo ya Siku ya Mungu leo.