Milima kama ya Gare, lakini wenzetu wanavaa njano

UKITOKA Mombo kupanda Lushoto, barabara inajikunja kama nyoka kwa kilomita zipatazo 33. Mkono mmoja mwamba, mwingine korongo, na ukifika Soni masikio yameshaziba. Gare iko huko huko juu, ila kuifikia inabidi uiache lami uingie njia ya udongo ambayo mvua ikinyesha inakuwa utelezi mtupu.

Huku baiskeli si mchezo, ni kazi. Inafungwa viazi, karoti au kabichi nyuma kwenye keria, inasukumwa kupanda, inapandwa kuteremka. Breki zikiisha, mguu unafanya kazi ya breki. Kijana anayefanya hivyo kila siku ya gulio ana mapafu na mapaja ambayo kocha yeyote wa baiskeli angeyatamani.

Hilo si la kufikirika. Rwanda wameshalithibitisha kupitia Tour du Rwanda.

Mbio hizo zilianza mwaka 1988, na bingwa wa kwanza alikuwa Célestin Ndengeyingoma. Omar Masumbuko akachukua 1989, Faustin Mparabanyi 1990. Hapo zikasimama. Vita ilianza Oktoba 1990, yakaja mauaji ya kimbari ya 1994, na nchi ikawa na mengine ya kuhesabu kuliko dakika za waendesha baiskeli. Zilirudi 2001, Bernard Nsengiyumva akatwaa taji.

Kisha akaja Abraham Ruhumuriza. Huyu alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli, kazi ambayo watu wa Shinyanga na Mwanza wanaifahamu vizuri. Alishinda 2002, 2003, 2004 na 2005, akarudi kushinda tena 2007. Mataji matano! Mwaka pekee uliomponyoka hapo katikati, 2006, taji lilivuka mpaka likaenda Kenya kwa Peter Kamau.

Kwa mtu wa soka, mbio za hatua zinahitaji maelezo kidogo. Si fainali ya dakika 90. Ni kama ligi iliyobanwa ndani ya wiki moja: kila siku kuna hatua yake, muda wa kila mmoja unajumlishwa, na mwenye muda mdogo kuliko wote anavaa jezi ya njano. Unaweza kushinda hatua tatu ukakosa taji kwa sababu siku moja tu ulipata pancha mlimani. Na unaweza kuwa bingwa bila kushinda hatua hata moja, kama timu inayobeba kombe kwa sare na bao mojamoja. Siku mbaya ndiyo inayoua.

Mwaka 2006 Mmarekani Tom Ritchey, mtengenezaji wa baiskeli, aliandaa huko Rwanda mashindano yaliyokuwa na kipengele cha baiskeli za mbao, zile za kienyeji za kubebea mizigo. Baada ya hapo mwenzake Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France mwaka 1981, akaenda kufundisha timu ya taifa. Vijana aliowakuta hawakuwa wa akademi. Gasore Hategeka, mmoja wa waliopita kwenye timu hiyo, alikuwa mbeba viazi kwa baiskeli. Viazi! Adrien Niyonshuti, ambaye mauaji ya kimbari yalimnyang'anya ndugu zake wengi, alitwaa Tour du Rwanda 2008, na mwaka 2012 akashiriki Olimpiki ya London kwenye baiskeli za milimani akamaliza wa 39. Ukiisoma hiyo 39 kama msimamo wa ligi utacheka. Ukijua alikotoka, hucheki.

Mwaka 2009 mbio ziliingia kwenye kalenda ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, na hapo wenyeji wakaonja joto ya jiwe. Morocco ikachukua kupitia Adil Jelloul, Eritrea kupitia Daniel Teklehaimanot, Marekani kupitia Kiel Reijnen, halafu Afrika Kusini mara mbili mfululizo. Miaka mitano mtu wa nyumbani anatazama mgeni akivishwa jezi nyumbani kwake. Chama kingine kingesema wageni wapunguzwe. Rwanda hawakufanya hivyo.

Mavuno yalikuja 2014, pale Valens Ndayisenga, kijana wa miaka 20, alipoibuka kidedea. Jean Bosco Nsengimana 2015, Ndayisenga tena 2016, Joseph Areruya 2017, Samuel Mugisha 2018. Wanyarwanda watano mfululizo. Na 2017 nafasi ya tatu ilikwenda kwa Mkenya Suleiman Kangangi, ambaye alifariki kwa ajali akiwa mbioni nchini Marekani Agosti 2022.

Mwaka 2019 zikapandishwa daraja, timu kubwa za Ulaya zikaanza kuja, na wenyeji wakarudi nyuma tena. Toka hapo hadi 2025 hakuna Mnyarwanda aliyetwaa taji, na hata hatua moja walisubiri hadi Moise Mugisha aliposhinda ya mwisho mwaka 2022. Ndiyo bei ya kukuza mashindano: unajenga uwanja mzuri, mgeni anakuja kukufunga humo humo.

Lakini bila uzoefu huo Kigali isingepewa mashindano ya dunia ya Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za wanaume za kilomita 267.5, zilizopita hadi kwenye mlima wa mawe wa mtaa wa Nyamirambo. Walianza zaidi ya 160, wakamaliza 30 tu. Vilima vilevile ambavyo wabeba mizigo wanavipanda na keria zimejaa.

Sasa rudi Usambara. Lushoto mjini pako juu karibu mita 1,400, si mbali sana na Kigali. Mombo hadi Lushoto ni hatua ya mlimani iliyojichora yenyewe. Kinachohitajika ni polisi wa kufunga barabara kwa saa chache, mabasi ya Tanga yavumilie, na mtu wa kulirudia jambo hilo mwaka unaofuata, na unaofuata, hata kama mshindi atakuwa Mkenya au Mnyarwanda.

Kwenye orodha ya mabingwa wa Tour du Rwanda hadi 2025, Jumuiya ya Afrika Mashariki nje ya wenyeji ina jina moja tu, la Kamau wa 2006. Gare, gulio likifika, baiskeli zinashuka na kabichi kabla jua halijachomoza.