Muhuri wa Barua Taka

Ukipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, utalikuta jumba la makumbusho lililokuwa posta ya Wajerumani kuanzia Novemba 1888 hadi Machi 1891. Bahasha za siku zile zilibeba jina la mwandishi, ambalo yeyote aliweza kuliandika apendavyo, na muhuri uliogongwa na karani. Aliyetaka kujua barua ilikotoka alitazama muhuri.

Baruapepe ni vivyo hivyo. Kanuni za kuisafirisha, alizoziandika Jon Postel mwaka 1982, hazikumtaka mtumaji athibitishe jina lake. Ndiyo maana mwenye nyumba ya wageni kule Shela hupata barua ya "benki" inayomwomba nywila, na jina la mtumaji halina kasoro. Kumtukana aliyetajwa ni kumwonea bure. Huenda naye jina lake limeibwa.

Ifungue barua kwenye kompyuta, uchague kuonyesha maandishi yake asili. Mistari inayoanza na neno "Received" ndiyo mihuri. Kila seva huweka wake juu ya wa mwenziwe, hivyo safari husomwa kutoka chini kwenda juu. Tapeli analijua hilo, naye hutanguliza mihuri ya bandia chini kabisa. Basi anzia juu, kwenye mihuri ya kampuni inayokupokelea barua, kwani hiyo hakuigonga yeye. Shuka mpaka pale kampuni hiyo ilipoandika anwani ya IP ya mgeni aliyebisha hodi. Chini ya hapo usiape kwa lolote.

Anwani hiyo itafute kwenye daftari la anwani za IP la AFRINIC, lililoko Mauritius, ikiwa ni ya Afrika. Mabara mengine yana madaftari yao. Utaonyeshwa mwenye mtandao na pa kumpelekea malalamiko. Kwa Kenya, kituo cha KE-CIRT cha Mamlaka ya Mawasiliano nacho hupokea taarifa. Ukishaibiwa fedha, nenda polisi. Sheria ya makosa ya mitandao ipo tangu 2018.

Peleka mihuri yote kama ilivyo, si picha ya skrini. Anwani moja yaweza kutumiwa na watu wengi kwa zamu, na ni mwenye mtandao pekee anayejua zamu ilikuwa ya nani. Kwa hiyo saa usiiguse. Muhuri ukisema 23:10 -0700, yaani saa saba nyuma ya saa ya kimataifa (UTC), kwa Lamu, iliyo saa tatu mbele yake, ni saa tatu na dakika kumi asubuhi ya siku ya pili, na ukiisahihisha kwa saa yetu, atakamatwa mwingine.