Mozart hatamfundisha mwanao kusoma

"Shikamoo mwalimu. Samahani, nimwekee muziki gani?" Wiki iliyopita swali hili lilinifikia tena, kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mama ambaye mwanawe yuko darasa la tatu na bado hasomi. Ameambiwa Mozart anaongeza akili, kanunua fleshi iliyojaa piano, anampigia mtoto usiku kucha akiwa usingizini. Nimewajibu wazazi wengi mmoja mmoja. Leo nawajibu wote, maana mtoto huyu kapoteza muhula mzima kwa fleshi.

Imani hii ina tarehe yake ya kuzaliwa. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha ripoti fupi ya Frances Rauscher na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha California, Irvine. Waliwachukua wanafunzi 36 wa chuo, wakawasikilizisha sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, kisha wakawapa maswali ya kukisia karatasi iliyokunjwa na kukatwa itakuwaje ikikunjuliwa. Alama zilipanda, na baada ya robo saa hivi faida yote ikawa imeyeyuka. Watu wazima, maswali ya karatasi, robo saa: hayo tu. Hapakuwa na mtoto chumbani, hakuna aliyepimwa kusoma wala hesabu, na hakuna mjamzito aliyevishwa hedifoni tumboni.

Miaka mitano baadaye gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, Zell Miller, aliomba dola 105,000 katika bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe rekodi ya muziki wa klasiki. Biashara ikashika kasi, na haijasimama hadi leo. Watafiti nao walikuwa wakilirudia jaribio lile, na wengi hawakuyaona matokeo yake. Huko Kanada, waliosikiliza hadithi ya Stephen King badala ya Mozart walifanya vizuri vilevile, mradi hadithi iwe ndiyo waliyoipenda. Kumbe kilichofanya kazi ni uchangamfu. Mwaka 2010 watafiti wa Vienna wakakusanya tafiti karibu 40 zenye watu wapatao 3,000. Cha pekee kwa Mozart hawakukikuta. Kwa hiyo mtu akikuuzia "muziki wa ubongo" kwa ajili ya mtoto anayefeli, anakuuzia kitu ambacho sayansi ilishakizika. Na kumpigia piano mtoto aliyelala ni kumharibia usingizi, ambao ndio anauhitaji asubuhi darasani.

Wapo wanaoniambia: basi, kusikiliza hakufai, lakini kujifunza kinanda kutampandisha akili. Hilo nalo lina mipaka. Mtafiti Glenn Schellenberg aliwagawa kwa kura watoto 144 wa miaka sita mjini Toronto: kinanda, kuimba, maigizo, au bila somo la ziada. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2004 yanaonyesha kuwa baada ya mwaka mmoja waliosoma muziki waliwazidi wenzao kwa chini ya pointi 3 za kipimo cha akili. Huwezi kumtoa mtoto mkiani kwa pointi 3. Msimpeleke kwenye muziki mkisubiri hesabu zipande zenyewe.

Mbona basi mimi mwenyewe nafundisha kusoma nikiwa na kayamba mkononi? Kwa sababu wengi wa watoto ninaoletewa wanakwama mahali pamoja: hawaisikii silabi. Mwambie mtoto apige kofi kwa kila silabi ya "mbuzi", atapiga mawili. Mwambie "mbu", atapiga moja, akuangalie. Lakini "mbu" nalo ni makofi mawili, m-bu, kwa sababu m ile imesimama peke yake, kama katika "mto" na "mtoto". Asiyeisikia huandika "toto" akikusudia "mtoto", na mwalimu humchapa kwa uzembe asiokuwa nao. Mapigo ya ngoma yanampa kitu cha kushika: mkono unapiga, sikio linakata neno, mdomo unafuata. Nchini Italia watoto 46 wenye disleksia walifundishwa miezi saba, kundi moja muziki wa mapigo, jingine uchoraji, na kundi la muziki ndilo lililosonga mbele zaidi katika kusoma na kuzitambua sauti za maneno. Huko Los Angeles, mtafiti Nina Kraus alipima jinsi ubongo wa watoto wa mitaa maskini unavyotofautisha "ba" na "ga": mwaka wa kwanza wa masomo ya muziki haukuonyesha kitu, wa pili ukaonyesha.

Ya kufanya, basi. Pima masikio na macho kwanza. Mtoto mwenye usaha sikioni hahitaji ngoma, anahitaji daktari. Usimwachishe masomo ya kusoma. Chagua kitu anachokipiga mwenyewe, kayamba, dufu, filimbi, hata ndoo, dakika 15 kila siku, na mara mbili kwa wiki apige pamoja na wenzake. Kwaya ya kanisa inafaa, kikundi cha dufu cha madrasa kinafaa. Walioko Unguja wana chuo cha muziki cha DCMA tangu 2002, walioko Korogocho, Nairobi, wana mpango wa muziki wa Ghetto Classics. Hesabu miaka miwili, si miezi miwili. Na akifeli mtihani usimtoe kwenye kwaya kama adhabu. Nimeona hili mara nyingi, na linaniuma: mtoto ananyang'anywa saa pekee ya wiki ambayo hakuna anayemwita mjinga.

Yule mama nimemwomba azime muziki usiku. Jumatatu anampeleka mtoto kupimwa masikio. Jumamosi wanakuja kwangu wote wawili, na tutaanza na "mbu".